Baada ya Muujiza, Chakula

Muhtasari wa mahubiri ya ibada ya Jumapili

Andiko la msingi: Marko 5:35-43
Maandiko mengine: 1 Wafalme 19:1-8, 2 Wafalme 4:38-41, Isaya 58:6-7, Mathayo 4:5-7 na 15:1-20

 

Wapendwa, habari ya Yairo tunaijua. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa mgonjwa mahututi, na kabla Yesu hajafika nyumbani kwake habari ikaja kwamba mtoto amekwisha kufa. Yesu hakugeuka. Aliingia, akawatoa waliokuwa wakilia na kupiga kelele, akamshika yule msichana mkono, naye akainuka akatembea. Hapo wahubiri wengi hupiga haleluya na kufunga Biblia. Mimi leo nawaomba msifunge, kwa sababu mstari wa 43 bado uko. Watu wakiwa wamepigwa na mshangao, Yesu anatoa agizo moja la nyumbani kabisa: mtoto apewe kitu ale.

Sasa jiulize. Aliyemfufua angeshindwa kumshibisha? Aliyelisha watu elfu tano angeshindwa na sahani moja? Hakushindwa. Lakini yale ambayo wazazi hawakuweza, Yesu aliyafanya mwenyewe, na yale waliyoweza akawaachia. Muujiza ulikuwa wa Yesu. Uji ulikuwa wa mama. Mwambie jirani yako: uji ni wa mama!

Nimeleta neno hili kwa sababu nchini kwetu Kenya kila mwaka watu zaidi ya 40,000 hupatikana na saratani. Wengine wako humu ndani, na karibu kila familia imeguswa. Ndugu anamaliza kemo, anasimama hapa mbele, anatoa ushuhuda, tunapiga makofi na vigelegele. Halafu anarudi nyumbani, na huko nyumbani ndiko mstari wa 43 unakoanza. Atakula nini? Nani atampikia? Na hicho chakula kitamjenga au kitamrudisha hospitalini?

1. MWILI ULIOTOKA VITANI

Dawa za kemo huua chembe zinazokua haraka. Saratani hukua haraka, ndiyo maana inapigwa. Lakini ziko chembe njema zinazokua haraka pia: za nywele, za mdomo na utumbo, na zile za ndani ya uboho wa mifupa zinazotengeneza damu. Ndiyo sababu mtu hupoteza nywele, hutoka vidonda mdomoni, na chembe nyeupe za damu hupungua. Hizo chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Mara nyingi hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, kisha hupanda polepole. Kwa wengine kinga hurudi baada ya wiki chache, kwa wengine miezi. Aliyepandikizwa uboho huweza kuhitaji uangalifu kwa mwaka mzima au zaidi.

Sasa elewa hapa. Viini ambavyo mimi na wewe tukivila tunaumwa tumbo siku moja na yanaisha, kwa mtu huyu vinaweza kuingia hadi kwenye damu. Kwa hiyo shika jambo hili hata kama utasahau mengine yote: mtu aliye kwenye matibabu ya saratani akipata joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, au akianza kutetemeka kwa baridi, aende hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asimeze dawa ya kutuliza homa akalala akingoja asubuhi. Tumwombee, ndiyo! Lakini tumwombee akiwa ndani ya gari, tukiwa njiani. Amina?

2. MOYO MZURI HAUTOSHI: SUFURIA YA ELISHA

Kule Gilgali kulikuwa na njaa. Elisha akaagiza sufuria kubwa itelekwe, wana wa manabii wapate kula. Mmoja wao akaenda shambani, akakuta mmea wa porini, akachuma matunda yake nguo ikajaa, akaja akayakatakata humo sufuriani. Biblia inasema hawakuyajua. Walipoonja tu wakapiga kelele kwamba kuna mauti ndani ya sufuria.

Yule mtu hakuwa mchawi wala adui. Alikuwa ndugu katika Bwana, mwenye bidii na huruma, tena alikuwa akiwahudumia watumishi wa Mungu. Shida yake ilikuwa moja tu: alitia ndani ya sufuria kitu asichokijua.

Tuseme kuna mama hapa kanisani amemaliza kemo ya tatu. Jumatatu anakuja dada mmoja na chupa ya majani yaliyochemshwa: "Mama, kunywa hii, ilimsaidia shangazi yangu." Jumanne mwingine anampigia simu: "Acha nyama, acha maziwa, acha sukari, vyote vinalisha saratani." Jumatano analetewa unga wa mizizi. Wote wanampenda, wote wanamwombea. Lakini ifikapo Ijumaa huyo mama amekonda, hajui ale nini, na hata chai anaiogopa.

Wapendwa, tusichume tusichokijua. Mitishamba mingine hugombana na dawa za hospitali: huzifanya ziwe kali kupita kiasi au huzipunguzia nguvu. Mingine huumiza ini na figo, ambazo tayari zina kazi ya kuondoa kemo mwilini. Hata balungi, ambalo ni tunda la kawaida, huingiliana na baadhi ya dawa. Kwa hiyo mgonjwa asinywe kitu chochote cha namna hiyo kabla ya kumwonyesha daktari wake wa saratani. Na wewe uliyeleta usikasirike ukiambiwa tungoje kliniki kwanza.

Na habari ya sukari tuiseme wazi. Kila chembe ya mwili, njema na mbaya, hutumia sukari. Kumnyima mgonjwa wanga na sukari yote hakuui saratani, kunammaliza nguvu yeye. Soda na keki hazimjengi mtu, hilo ni kweli, na mwenye kisukari afuate maagizo ya daktari. Lakini ugali, wali, viazi na ndizi si adui zake. Kukonda ndiko adui.

3. IMANI SAFI NA MIKONO SAFI

Nikifika hapa najua kuna ndugu atafungua Mathayo 15 aniambie, "Mchungaji, Yesu alisema kula bila kunawa hakumtii mtu unajisi." Ni kweli, soma sura yote. Mafarisayo walikuwa wanauliza juu ya mapokeo ya wazee, na Yesu akajibu juu ya moyo: uuaji, uzinzi, wizi, uongo. Alikuwa anazungumza juu ya kinachomtenga mtu na Mungu. Hakuwa anafundisha juu ya kuhara. Mikono michafu haitakuzuia kuingia mbinguni, lakini inaweza kumfanya mgonjwa wako afike huko kabla ya wakati wake!

Mwingine atasema, "Chakula kikiombewa hakidhuru." Mpendwa, shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtolea andiko zuri la ulinzi wa malaika, akamwambia ajitupe chini. Yesu alikataa. Hakuwa amekosa imani, alikataa kumjaribu Mungu. Kumpa mtu asiye na kinga maziwa mabichi kisha kuyaombea ni kumwambia ajitupe kutoka kinarani.

Basi jikoni kwetu kuwe hivi:

Mikono. Anayepika anawe kwa sabuni kwa sekunde 20 hivi kabla ya kushika chakula, akitoka msalani, akishabadilisha mtoto, na akishashika nyama mbichi. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate mboga kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni.

Maji. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima. Nyinyi mnaoishi mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000, kama Eldoret na Limuru, myaache dakika tatu. Yapoe na kuhifadhiwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, yachotwe bila kutumbukiza mkono.

Maziwa na mayai. Maziwa ya kuletwa mlangoni yachemshwe, kwa sababu maziwa mabichi huleta brusela na magonjwa mengine. Maziwa lala na mursik ya kienyeji, hata kama ndiyo ladha ya kwetu, yangoje mpaka daktari aseme kinga imerudi. Yai lipikwe mpaka kiini kigande.

Nyama na samaki. Viive mpaka ndani, pasibaki wekundu. Nyama choma yenye damu, mutura wa kando ya barabara na samaki aliyekaangwa asubuhi akaanikwa kibandani mpaka jioni, hivyo si vya mgonjwa.

Mboga na matunda. Sukuma, terere, managu na kabichi zioshwe vizuri kwa maji safi, kisha zipikwe. Matunda mgonjwa asinyimwe kiholela, kwa sababu usafi ndio muhimu zaidi. Yale yenye ganda yanafaa sana: ndizi, chungwa, embe, papai, parachichi. Yaoshwe kwanza kwa nje, halafu yamenywe nyumbani kwa mikono safi. Matunda yaliyokatwa yakauzwa barabarani, juisi ya miwa ya kibandani, na kachumbari ya hotelini aviache kwa sasa. Kama hospitali imempa masharti makali zaidi, afuate ya hospitali.

Kiporo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kama kuna friji kiingie humo, kama hakuna pika kidogo cha kuliwa kikaisha. Kikipashwa moto kitoe mvuke mpaka katikati, na kipashwe mara moja tu.

Nafaka na njugu. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika nchi hii, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu, ile wengi huiita aflatoksini. Sumu hiyo hutoka kwenye ukungu, haiishi kwa kupikwa, na ikiliwa muda mrefu yenyewe huleta saratani ya ini. Mahindi au njugu zikiota ukungu usikwangue, usikaushe, usiwape kuku. Tupa.

4. "MEZA" YA ELIYA: KIDOGO, NA MARA NYINGI

Eliya alitoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli akaanguka chini ya mretemu, amechoka mpaka anaomba afe. Angalia Mungu alivyomshughulikia. Hakumkemea kwamba amepoa kiroho. Malaika alimgusa akamwamsha ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale kwa sababu safari iliyo mbele yake ilikuwa kubwa kumshinda.

Mara mbili! Hakuwekewa sinia kubwa na kuambiwa amalize. Alipewa kidogo, akapumzika, akapewa tena. Mtu aliyetoka kwenye kemo anahitaji hivyo hivyo. Ukimwekea mlima wa ugali atageuza uso. Mpe kidogo mara tano au sita kwa siku. Mpe wakati ule anaosikia hamu, hata kama ni saa nne usiku.

Mwili unaojijenga unataka protini. Si lazima nyama ya bei. Maharagwe, ndengu, kunde, omena, mayai, maziwa yaliyochemshwa na kuku, kila mlo uwe na kimojawapo. Uji uongezewe nguvu kwa maziwa, au kwa kijiko cha njugu zilizosagwa, mradi ziwe njema.

Kama ana vidonda mdomoni, mpe laini: viazi vya kupondwa, malenge, ndizi za kupikwa, uji, supu isiyo moto sana. Pilipili, ndimu na vitu vikavu vya kukwaruza viondoke mezani kwanza. Kama ana kichefuchefu, chakula kisicho moto kina harufu kidogo, naye anaweza kukivumilia. Kipande cha mkate mkavu asubuhi kabla ya kuamka kitandani humsaidia mwingine. Kama ladha imebadilika na nyama inamnukia chuma, jaribu mayai au maharagwe. Maji anywe kidogo kidogo siku nzima. Akishindwa kula kabisa kwa siku nzima, au akizidi kukonda, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni, mwulizeni pia mtaalamu wa lishe.

Na kinga ikisharudi, aendelee na mboga, matunda, dengu na nafaka zisizokobolewa. Soseji na smokie azipunguze, maana tangu 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeziweka nyama za viwandani za namna hiyo kati ya vitu vinavyosababisha saratani.

5. KUFUNGA KWA KANISA

Sasa nifike mahali penyewe. Sisi ni kanisa la kufunga na kuomba, na hatutaacha. Lakini kuna watu wetu walio kwenye matibabu ambao wakati wa mfungo hujificha wakila, kama wezi, ndani ya nyumba zao. Wengine hawali kabisa, kwa sababu wamesikia kwamba asiyefunga hana imani ya kuponywa. Dawa wanameza juu ya tumbo tupu, chembe za damu ziko chini, na siku ya tatu wanazimia.

Sikilizeni kutoka madhabahuni, mwende mkawaambie ambao hawapo leo. Aliye kwenye kemo au mionzi, na ambaye daktari hajamwambia kwamba amepona vya kutosha, hafungi. Eliya alitembea siku arobaini usiku na mchana mpaka Horebu, lakini kabla ya hizo arobaini Mungu alimlisha mara mbili. Mungu hakumwambia aanze na arobaini. Ndugu mgonjwa, sahani yako ndiyo utii wako msimu huu. Kula mbele ya Bwana, bila aibu.

Na sisi wazima tufungeje? Isaya 58 inatuambia mfungo ambao Mungu ameuchagua, na ndani yake kuna kumpa mwenye njaa mkate wako. Mkate wako! Ule ambao hukuula leo. Basi chakula cha mchana ulichokiacha kwa ajili ya mfungo, usikirudishe mfukoni. Hizo shilingi mia moja au mia mbili zinunue mayai, ndengu, maziwa, makaa ya kuchemshia maji. Wewe ufunge, yeye ale. Ukiona njaa saa nane mchana, ujue kuna mtu mtaa wa pili anayekula kwa sababu yako, na hapo ndipo uombe kwa sauti kubwa.

YA KUFANYA WIKI HII KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

Kila ushirika wa nyumbani uandike ni nani kati yao yuko kwenye matibabu, kwa ruhusa yake mwenyewe. Muulize anaweza kula nini, usimletee unachopenda wewe.

Pangeni zamu ya kupika. Chakula kipikwe siku hiyo hiyo, kifike kikiwa moto, ndani ya chombo chenye kifuniko. Kilichobaki kwenye matanga au harusi kisipelekwe kwa mgonjwa.

Mwenye mafua, kikohozi au kuhara asiende kumtembelea. Apige simu, aombe kwa simu. Bwana anasikia.

Wazee na mashemasi, kabla ya kumwekea mgonjwa mikono, naweni mikono. Upako hauoshwi na sabuni.

Anayemwuguza naye ale. Yairo alikuwa na mkewe, na wote wawili walikuwa wamekesha.

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa ndugu zetu uliowavusha. Tunaomba uponyaji mkamilifu katika damu na mifupa yao. Tupe mikono safi na mioyo safi. Utuzuie tusitie mauti ndani ya sufuria kwa kutojua. Ulipomwinua binti Yairo uliwaachia wazazi kazi moja, nasi tumeisikia kazi hiyo leo. Bariki jiko, bariki maji, bariki mkono unaokoroga uji usiku wa manane. Na mwenye kula aitazame sahani yake bila hofu, ashibe, apate nguvu za safari iliyo mbele yake. Katika jina la Yesu Kristo, tumeomba na kuamini. Amina.